Chunusi na madoa usoni: mwongozo kamili wa wiki 12 kwa mtu wa Mwanza

Maswali ni yaleyale. "Nimebadilisha sabuni mpaka nimechoka, chunusi zipo palepale." "Madoa yalikuwa yanafifia, nikaenda Ukerewe msibani, nimerudi nayo meusi kuliko mwanzo." "Nilipaka mwezi mzima, sikuona kitu, nikaacha."

Wanaouliza hivyo si wazembe. Wamenunua, wamepaka, wamefuata walichoambiwa. Wanakwama kwa sababu tatu: wanaongeza vitu badala ya kupunguza, hawalishughulikii jua, na wanakata tamaa wiki ya tatu au ya nne, wakati kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo hapa tunaanza kwa kuondoa. Dawa inakuja mwishoni, tena ni moja tu. Wiki 12 zina sababu: tabaka la juu la ngozi ya mtu mzima hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja, na chunusi unayoiona leo ilianza kujijenga chini ya ngozi wiki kadhaa kabla hujaiona. Unachofanya leo kinazuia chunusi za mwezi ujao. Za wiki hii tayari ziko njiani, hata ufanyeje.

Mwongozo unamfaa kijana au mtu mzima mwenye chunusi, vipele vya ndevu au madoa yaliyoachwa na chunusi. Mwenye ualbino asiiruke hatua ya 5. Aliyetumia mkorogo kwa muda mrefu asome hatua ya 2 yote kabla hajatupa chochote. Mjamzito na anayenyonyesha wafuate yote, ila hatua ya 8 waulize kliniki kwanza.

## Vifaa vya kuandaa

- Sabuni laini ya uso, isiyo na harufu kali. Sabuni ya mche ni ya nguo na vyombo, haimo kwenye orodha hii.
- Losheni nyepesi ya uso, au mafuta ya mgando kama ngozi yako ni kavu.
- Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, iliyoandikwa kwamba inakinga UVA na UVB, aina mbili za mionzi ya jua.
- Kofia yenye ukingo mpana pande zote, au mwavuli. Kapelo hukinga pua na kuacha masikio, shingo na mashavu.
- Taulo ndogo ya uso ambayo ni yako peke yako.
- Foronya mbili za pamba. Kanga mbili zilizochakaa zinafanya kazi ileile.
- Ndoo yenye mfuniko, kwa wanaotumia maji ya ziwa.
- Tyubu moja ya benzoyl peroxide ya asilimia 2.5 au 5, kutoka duka la dawa lililosajiliwa. Usiinunue leo, itahitajika wiki ya tatu.
- Simu ya kupigia picha.

Seramu, brashi ya uso, skrabu, "sabuni ya kung'arisha" na maski za karatasi hazimo, wala hazijasahaulika.

## Hatua ya 1: Jua unachokitibu

Simama mlangoni asubuhi kabla ya kunawa, mwanga ukija kwa mbele. Piga picha tatu: mbele, kulia, kushoto. Zima urembo wa kamera, maana simu nyingi hulainisha uso zenyewe bila kuulizwa. Utarudia picha hizo kila Jumapili, mahali palepale, saa ileile.

Sababu ni kwamba kioo cha kila siku kinadanganya. Uso unaoutazama kila asubuhi huuoni ukibadilika, hata kama unabadilika.

Kisha tazama vizuri. Chunusi halisi huwa mchanganyiko: vidoti vyeusi, vichwa vyeupe, vingine vikubwa vyenye maumivu, vyote kwenye uso mmoja. Vipele vidogo vinavyolingana kama vimepimwa, vinavyowasha, vilivyojaa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, huenda ni fangasi wa vinyweleo. Mtu anayeshinda na jasho hupata sana hivyo, na dawa ya chunusi haviisikii. Vipele vya kidevuni na shingoni vinavyotokea siku moja au mbili baada ya kunyoa ni vya ndevu.

Madoa nayo yana aina. Alama nyeusi palipokuwa na kipele ni kumbukumbu ya kipele hicho. Mabaka ya kahawia yanayofanana mashavu yote mawili hayana uhusiano na chunusi; huletwa na jua pamoja na homoni, na huwapata zaidi wajawazito na baadhi ya wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango. Usiviache vidonge kwa sababu ya mabaka kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wako.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nina chunusi mashavuni na madoa ya zamani kwenye taya." Ukishindwa, nenda kwanza kwenye sehemu ya hospitali, mwishoni kabisa.

## Hatua ya 2: Ondoa

Weka juu ya meza kila kitu ambacho kimegusa uso wako ndani ya mwezi uliopita. Kila kitu, pamoja na kile ulichoazima kwa dada yako.

### Mkorogo

Kopo lolote lisilo na lebo, lililochanganywa na mtu, ni mkorogo, hata likiitwa "losheni ya maharusi". Ndani yake mara nyingi kuna kimoja au zaidi kati ya vitatu: haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe). Kwenye makopo yenye lebo tafuta maneno hydroquinone, mercury, clobetasol na betamethasone; mbili za mwisho ni steroidi.

Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bado vinauzwa kwa kificho, na anayeuza atakuapia kwamba vyake ni salama.

Steroidi inadanganya kuliko vyote. Wiki mbili za kwanza uso unang'aa, chunusi zinanywea, watu wanakusifia. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, michirizi inatokea, na chunusi mpya zinazuka, nyekundu na nyingi. Ukiacha, uso unawaka, ukirudia, unatulia. Hapo ndipo watu wanaponasa miaka. Zebaki hupenya na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huleta madoa ya rangi ya bluu-kijivu ambayo ni magumu mno kuyaondoa. Yaani mtu alikuwa anakimbia doa, sasa ana doa la kudumu.

Onyo: kama umepaka mkorogo au steroidi kila siku kwa miezi, usiiache ghafla peke yako. Uso unaweza kuvimba, kuwaka na kuchubuka kwa wiki nyingi, na wengi hukimbilia tena kopo. Nenda nalo kwa daktari akupangie namna ya kupunguza.

### Tyubu ya "kila kitu"

Ipo ile krimu ya duka la dawa yenye dawa tatu kwa mpigo: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Watu wanaipaka kwa chunusi, upele, kuungua, hata kwa mtoto aliyeumwa na mbu. Kwenye fangasi ndiyo mbaya zaidi: steroidi inaficha wekundu na muwasho, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini, na wakija kujitokeza hata daktari anapata shida kuwatambua. Itoe usoni. Ikiwa nayo umeipaka kwa miezi, onyo la hapo juu linakuhusu.

### Vya jikoni

Ndimu na limao ni marufuku kwenye mwongozo huu. Tindikali yake huchoma, lakini kisa hakiishii hapo. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huweza kusababisha kuungua kabisa, na malengelenge, kisha doa jeusi la miezi. Ukipaka "asali na ndimu" asubuhi ukatoka kwenda kupanda daladala, umejitengenezea tatizo kwa mkono wako.

Dawa ya meno hukausha kipele na kuunguza ngozi iliyokizunguka. Magadi vilevile. Spiriti inaondoa mafuta yote na kuiacha ngozi ikiwa imekakamaa. Dodoki na jiwe la kusugulia vibaki miguuni. Usoni vinapasua chunusi chini kwa chini na kusambaza uvimbe.

Utajua umefanikiwa baada ya wiki moja hadi mbili: uso hauchomi ukinawa, haukazi ukikauka, na hauwashi jioni. Chunusi bado zitakuwepo. Hilo lisikutishe, hatujafika kwenye chunusi.

## Hatua ya 3: Nawa mara mbili, basi

Asubuhi na usiku. Ukitoka jasho sana mchana, suuza kwa maji matupu.

Nawa mikono kwanza. Lowesha uso kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu, sugua sabuni viganjani mpaka itoe povu, pitisha usoni kwa vidole bila kukandamiza, suuza mpaka utelezi uishe, kausha kwa taulo kwa kugusagusa. Kazi nzima haifiki dakika mbili.

Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi) ikiwa karibu na 5. Sabuni ya mche ina pH ya 9 au 10. Ukiipaka, ule utando wa kulinda ngozi unavurugika, unyevu unatoka, na wenye chunusi wengi huongeza kunawa wakidhani uso "una mafuta". Kunawa mara nne kwa siku ni njia ya uhakika ya kubaki na chunusi.

### Wanaooga ziwani

Kwa wa Igombe, Luchelele, Kayenze na visiwani, hili ni la kila siku, na wenye kuandika kuhusu urembo hawaligusi.

Maji ya kando ya Ziwa Victoria, hasa penye majani na konokono, yana viluwiluwi vya kichocho. Hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Huwa vingi zaidi mchana jua likiwa kali. Saa chache baadaye mtu anaweza kupata vipele vinavyowasha miguuni, mikononi au popote palipolowa. Wengi hudhani ni sabuni imewakataa, wanabadilisha sabuni, na kesho wanarudi majini. Vipele hupotea. Kichocho kinabaki kwenye mishipa ya tumboni na kuharibu ini polepole.

Fanya hivi: chota maji, yaache kwenye ndoo yenye mfuniko kwa siku 2 kabla ya kuoga, au yachemshe. Viluwiluwi haviishi zaidi ya hapo bila kupata mtu wa kumwingia. Hakikisha hukuchota konokono pamoja na maji. Ukiwa na ndoo mbili unazipokezana. Maji ya bomba yaliyotibiwa hayana shida hii.

Kama umekulia ufukweni na hujawahi kupima, pima. Dawa yake, praziquantel, inajulikana sana katika zahanati za kanda hii.

Utajua umefanikiwa ukimaliza kunawa na uso ukawa laini, bila ile hali ya kulia "kwii" ukipitisha kidole. Watu wanaipenda sauti hiyo wakidhani ndiyo usafi. Ni ngozi iliyonyang'anywa mafuta yake.

## Hatua ya 4: Paka uso ungali na unyevu

Ndani ya dakika tatu baada ya kunawa, kabla maji hayajakauka kabisa. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayazuia yasitoke. Kwa hiyo lazima yakute maji.

Mwenye chunusi atumie losheni nyepesi na aachane na mafuta ya nazi usoni, kwani huziba vinyweleo kwa wengi. Mwenye ngozi kavu, mafuta ya mgando kiasi cha punje ya harage yanamtosha, hasa kuanzia Juni mpaka Septemba ambapo upepo wa kiangazi hukausha midomo na mashavu.

## Hatua ya 5: Jua

Ukiamua kufanya hatua moja tu, fanya hii. Nasema hivyo kwa sababu madoa ndiyo yanayowaleta wengi, na hakuna krimu itakayoondoa doa ambalo jua linalichora upya kila mchana.

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na kimo chake ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mambo yote mawili yanaongeza mionzi: jua la saa sita linakaribia utosini mwaka mzima, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Kisha kuna upepo wa ziwa. Unakupoza, unaona leo hakuna jua, unakaa Kamanga ukisubiri kivuko bila kofia. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi.

"Lakini mimi ni mweusi." Kweli, na weusi wako unakusaidia sana dhidi ya kuungua na saratani ya ngozi. Haukusaidii sana dhidi ya madoa. Seli zinazotengeneza rangi kwenye ngozi nyeusi ziko macho mno. Kipele kidogo, mkwaruzo au jua la mchana mmoja vinatosha kuzifanya zimwage rangi.

### Kanuni ya kivuli

Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali. Kwa Mwanza ni takriban saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Panga safari ndefu za miguu nje ya saa hizo kadiri unavyoweza.

Najua kuna wasioweza. Mama anayeanika dagaa hawezi kuanika saa kumi na mbili jioni, na mchuuzi wa mwalo wa Kirumba hachagui saa ya boti kutua. Kwao nguo ni bora kuliko losheni: kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu ya kitambaa kilichoshikana, mtandio unaofunika shingo. Losheni hutoka na jasho, kofia haitoki.

### Kupaka losheni ya jua

Kiasi ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi wanapaka tone moja, wanapata kinga ndogo sana, kisha wanasema haifanyi kazi. Paka robo saa kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na kila unapojifuta jasho.

Losheni nyingi huacha weupe kwenye ngozi nyeusi. Tafuta yenye rangi ya kahawia. Ile rangi ni oksidi ya chuma, na ina kazi ya ziada: huzuia mwanga wa kawaida, ambao nao huchochea mabaka kwenye ngozi yetu. Ukikosa, weupe hupungua ukipaka kwa awamu mbili.

Kwenye daladala kioo cha pembeni huzuia mionzi inayochoma lakini hupitisha UVA. Kaa upande wa kivuli.

### Kwa mwenye ualbino

Kwako hii haihusu urembo. Bila melanini (rangi ya asili ya ngozi) ya kutosha, jua la kila siku huleta saratani ya ngozi, tena mapema. Nguo ndefu na kofia kila siku tangu utotoni, losheni kila siku hata mvua ikinyesha, na kukaguliwa ngozi kliniki mara kwa mara bila kusubiri kidonda. Ipo losheni iitwayo Kilisun inayotengenezwa Moshi, mahususi kwa watu wenye ualbino. Ulizia hospitalini au kwa chama cha watu wenye ualbino cha eneo lako jinsi ya kuipata. Kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, nenda nacho hospitali.

Utajua umefanikiwa picha za wiki ya sita zikionyesha hakuna doa jipya, na ya zamani hayajazidi. Kufifia kunakuja baadaye.

## Hatua ya 6: Vitu vinavyokugusa uso

Badilisha foronya mara mbili kwa wiki. Ukifunga kitambaa cha kulalia, kifue vilevile. Mafuta ya rasta na ya nywele hutiririka usiku mpaka kwenye paji, na vipele vinavyofuata mpaka wa nywele vinasema wazi vimetoka wapi.

Helmeti ya bodaboda imebeba jasho la watu wote wa leo. Vaa, maana fuvu jingine halioti, lakini tanguliza kitambaa chepesi cha pamba kichwani mpaka kwenye paji, na ukifue kila siku. Dereva wa boda anayepata vipele chini ya kidevu aangalie mkanda wake kabla ya kulaumu chakula.

Kwa kinyozi, mambo matatu. Mwambie asikwangue mpaka kwenye ngozi. Abakize kama milimita moja, kwa sababu nywele zetu zimejikunja na zikikatwa chini ya ngozi hurudi ndani na kuzaa vipele. Asivute ngozi wakati wa kunyoa. Na ile skrabu yenye mchanga pamoja na spiriti baada ya kunyoa, kataa kwa adabu: "Kaka, leo maji tu." Ukiweza, nenda na mashine yako. Spiriti ya kupuliza sekunde mbili haitoshi kuisafisha mashine iliyotoka kwenye kidevu cha mwingine.

Na mikono yako. Chunusi iliyominywa huacha doa la muda mrefu kuliko chunusi iliyoachwa. Kama vidole havitulii, kata kucha.

## Hatua ya 7: Chakula, usingizi, moshi

Hapa nitawaudhi wanaouza juisi. Kunywa maji lita tatu hakuondoi chunusi. Kunywa maji ukiwa na kiu, na zaidi ukishinda juani. Zaidi ya hapo unakisumbua choo tu.

Kuna kitu kimoja cha chakula chenye ushahidi unaoeleweka: vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka. Soda, juisi za sukari, maandazi, chapati za unga mweupe, chipsi. Sukari ikipanda kwa kasi, insulini inapanda, na homoni zinazofuata huchochea ngozi kutoa mafuta. Si kila mwenye chunusi atafaidika, lakini wiki 12 bila soda ni jaribio la bei nafuu. Unabaki na hela ya losheni. Maziwa kwa baadhi ya watu huongeza chunusi, na vijana wa jimu wanaokunywa unga wa protini ya maziwa waushuku huo kwanza.

Chakula cha huku kwetu hakina ubaya. Sato au dagaa, mlenda, matembele, maharage, parachichi, ugali wa kiasi, michembe na karanga kama kitafunwa. Pilipili na mafuta ya samaki havileti chunusi, anayekukataza sangara kwa sababu ya uso anakuonea.

Usingizi ni saa saba au zaidi kwa mtu mzima. Ukikosa, homoni za mkazo hupanda na uvimbe wa ngozi huchelewa kutulia. Kwa wavuvi wa dagaa ushauri wa "lala mapema" ni mzaha, kwa sababu kazi yao ni usiku wa giza. Walale mchana mahali penye giza, simu ikiwa mbali, na siku za mbalamwezi ambazo boti nyingi hupumzika zitumike kufidia.

Sigara hubana mishipa midogo ya ngozi na kuizeesha. Moshi wa kuni kwa wanaokausha samaki hauepukiki wote, lakini simama upande upepo unakotoka, na suuza uso kwa maji matupu unapomaliza badala ya kusubiri usiku.

Utajua umefanikiwa kwa dalili zisizo za usoni: unaamka bila kuburutwa, na wiki imepita bila soda bila wewe kuikumbuka.

## Hatua ya 8: Sasa dawa moja

Ikiwa wiki mbili zimepita, uso umetulia na unachokitibu ni chunusi halisi, anza benzoyl peroxide. Kwanza paka kidogo chini ya taya usiku mmoja na usubiri siku mbili. Pakivimba au kuwaka sana, iache.

Pasipo shida, paka usiku baada ya kunawa na kukauka: tabaka jembamba eneo lote lenye chunusi, siyo nukta juu ya kipele. Wiki mbili za mwanzo paka siku moja na kuruka moja, kisha kila usiku ngozi ikivumilia. Usiku wa dawa, losheni yako inafuata juu yake, hata kama uso umekauka. Kukauka na kuchubuka kidogo ni kawaida. Kukizidi, ruka siku mbili.

Onyo: dawa hii hufubaza rangi za nguo. Kanga, foronya na taulo zitakuwa na madoa meupe, kwa hiyo tumia nyeupe au zile usizozionea uchungu.

Onyo jingine: usijinunulie doksisaiklini wala antibiotiki nyingine kwa sababu jirani ilimsaidia. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, na kwa jua la hapa hilo si jambo dogo. Iandikwe na daktari.

Wiki ya nne mpaka ya sita ndipo wengi wanaacha, maana chunusi zimepungua kidogo tu na uso umekauka. Fungua picha ya kwanza uiweke kando ya ya leo kabla ya kuamua lolote. Wiki ya nane chunusi mpya ziwe chache na ndogo. Wiki ya 12 uso uwe umetulia kwa sehemu kubwa, na endelea na dawa hata hapo, kwa sababu inazuia chunusi, na ukiiacha zinarudi.

Madoa yana kalenda yake. Yale ya kahawia hufifia ndani ya miezi kadhaa, mengine huchukua mwaka au zaidi, na yenye rangi ya kijivu ndiyo ya mwisho kuondoka. Njia ya kuyaharakisha ni kofia na losheni ya jua.

## Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri wiki 12 ukiwa na vivimbe vikubwa vya ndani vyenye maumivu, maana huacha makovu. Vivyo hivyo chunusi zinazokuja pamoja na hedhi kuvurugika na ndevu kuota kwa mwanamke, kidonda kisichopona, doa linalobadilika umbo, upele wa mwili mzima wenye homa, au baka lisilo na hisia ukiligusa. La mwisho linaweza kuwa ukoma, ambao bado upo na unatibika bure.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa. Kwa kanda hii rufaa kubwa ni Bugando, na Sekou Toure kwa mkoa. Siku hiyo usijipake chochote usoni. Beba picha zako za Jumapili, na vitu vyote ulivyowahi kupaka vitie kwenye mfuko mmoja: tyubu, makopo, hata lile lisilo na lebo ambalo unaona aibu kulionyesha. Daktari hawezi kukisia kilichomo ndani ya kopo ambalo halijafika mezani kwake.